Mdomo wa Yeremia

Yeremia Ngosha wa Mkuyuni hajawahi kuajiriwa na redio yoyote, na hakuna chuo kilichompa cheti cha utangazaji. Riziki yake ni pancha na betri. Ana kibanda chake kando ya barabara, si mbali na soko, na mikono yake ina weusi usiotoka hata akisugua kwa mchanga. Lakini ukipanda kivuko ukavuka kwenda Kamanga, ukazunguka mialo ya upande ule ambako wavuvi huteremsha samaki wao, ukawauliza watu nani anatangaza mpira kuliko wote, hawatakutajia mtu wa Dar es Salaam. Watakutajia huyu fundi pancha, na ukisema hujawahi kumsikia watakuonea huruma.

Habari zake zinatia hasira. Atakayezitaka kwa upole akazitafute kwa Ukanda Michezo, ile televisheni ya kulipia inayorushwa nchi zote hizi za jirani. Wao wanazo, na wanaziuza kwa mwezi.

Kombe la Mialo huchezwa kila kiangazi. Kila mwalo huleta timu yake, wavuvi kwa wachuuzi, pamoja na vijana waliorudi likizo kutoka chuo cha Nyegezi, na fainali huchezwa Kamanga, kwenye uwanja wenye mteremko kidogo upande wa ziwa. Yeremia aliingia humo kwa sababu ya spika. Kanisa lake lilinunua vyombo vipya, likaitupa stoo spika ya zamani, ile ya tarumbeta. Yeye akaiomba, akaifufua, akaifunga kwenye keria ya baiskeli pamoja na betri ya gari. Mtu akishakuwa na spika, kunyamaza ni shida. Akaenda kwenye mpira, akasema, na watu wakamzoea.

Miaka ya mwanzo alitangaza kama kila mtu: nani kapiga, nani kapokea, goli. Aliyemrekebisha ni Rozina Aloo, mama wa Kijaluo kutoka upande wa Mara, aliyeolewa Kamanga na kubaki hapo hata baada ya mumewe kufariki. Rozina alikuwa akikaanga samaki nyuma ya goli. Siku mwanawe Okomo alipofunga goli lake la kwanza kwenye mashindano hayo, yeye alikuwa ameinamia karai, anageuza sato. Habari aliipata kwa mteja, mechi imekwisha, watu wanatawanyika. Akamfuata Yeremia na kijiko cha kugeuzia samaki mkononi.

"Unatangaza goli kama limejifunga lenyewe," alimwambia. "Huyo aliyefunga hana mama?"

Kuanzia mechi iliyofuata Yeremia akaanza kuwataja wachezaji kwa mama zao na mialo yao. Okomo wa Rozina, wa mwalo wa Kamanga. Na mama akisikia jina lake, popote alipo, anasimama. Ana dagaa mikononi, anasimama. Anahesabu chenji, anasimama. Watu wanampigia makofi, kisha anakaa na kuendelea na kazi yake. Kulikuwa na golikipa mmoja, Malimi, aliyefiwa na mama akiwa mchanga, akalelewa na bibi muuza uji. Bibi huyo alikuwa akisimama hata kabla jina lake halijaisha kutajwa. Wanaume wachache walinung'unika wakauliza mbona akina baba hawatajwi. Yeremia aliwajibu kwa spika, mbele ya uwanja mzima, kwamba akina baba wanatajwa vya kutosha shuleni na polisi.

Basi ikawa desturi. Wasichana walioolewa mbali walirudi siku ya mechi ili wawaone mama zao wakisimama. Hakuna aliyeitungia sheria, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja kitu kama hicho kinaweza kuwa na mwenyewe.

Baadaye macho ya Rozina yakaanza kuingia ukungu, kisha giza. Hospitali walisema ni presha ya macho na kwamba amechelewa kufika. Aliacha kukaanga samaki, lakini kwenye mpira hakuacha kwenda. Wakawa wanamwekea kigoda chake chini ya spika kabisa, na Yeremia, bila kuambiwa, akabadili namna ya kutangaza. Akaanza kusema mpira uko upande wa ziwa au upande wa barabara. Akisema Okomo ameanguka, hakuvuta pumzi kabla ya kusema ameamka. Aliujua uso wa yule mama jinsi ulivyokuwa ukikaza kati ya maneno hayo mawili, na hakutaka aukaze zaidi ya lazima.

Ndipo wakaja Ukanda Michezo. Ligi kubwa zote zilikuwa zimeshachukuliwa na makampuni makubwa zaidi, kwa hiyo wao walikuwa wakitafuta vikombe vya pembeni vyenye watu wengi na kelele za kutosha. Waliingia mkataba na kamati ya Kombe la Mialo, ambayo mwenyekiti wake ni Chenge, mwenye boti kadhaa pale Kamanga. Chenge si mwizi. Aliona nyavu mpya za goli, jezi, gari la wagonjwa, na vijana wa mialo wakionekana mpaka nje ya nchi, akasaini. Kosa lake ni kwamba hakumuuliza mtu.

Kosa la Yeremia lilikuwa lingine, na ndilo linalomchoma mpaka leo. Wiki chache kabla ya mashindano kijana mmoja alifika kwenye kibanda chake cha pancha, amevaa fulana ya Ukanda, akampa shikamoo ya heshima zote. Jina lake Maige, mtangazaji wao. Babu yake ni wa Magu, yeye amekulia Dar, na Kisukuma anakisikia kidogo bila kukisema. Aliomba kujifunza mashindano hayo. Yeremia akayeyuka. Mtoto wetu, tena mgeni, tena mtangazaji, na amekuja kwake badala ya kwenda kwa wakubwa. Ungekuwa wewe, ungemfukuza?

Alifunga kibanda akamzungusha mwalo hadi mwalo. Akamkalisha kwa akina mama, akamtajia mmoja mmoja, nani mama wa nani, nani aitwe kwa jina la mtoto wa kwanza na nani asiitwe hivyo kwa sababu mtoto huyo amefariki. Akamwonyesha jinsi ya kulivuta jina la mama na kulikata la mwalo. Mke wake Gladness akapika sato wa nazi, akampakulia mgeni kichwa. Maige alikula, akashukuru, na akamwambia Yeremia kwamba siku ya mechi watakuwa pamoja.

Usiku wakiwa peke yao Gladness alimwambia mumewe amempa mgeni mpaka sufuria. Yeremia alicheka. Alisema mtu akija kwako na heshima, humfichi kitu.

Siku ya ufunguzi alivuka na kivuko cha asubuhi, baiskeli imepakia spika na betri. Alikuta kamera kwenye kona zote na jukwaa la mabomba, Maige yuko juu amevaa spika za masikioni. Akapanga vyombo vyake mahali pake pa siku zote, Rozina akakaa kwenye kigoda. Hata hajamaliza kuwataja wa Kamanga, Chenge akaja mbio akimpungia mkono azime. Sauti yake, alisema Chenge, inaingia kwenye mikrofoni za Ukanda na kuharibu matangazo. Halafu akaeleza, bila kumtazama usoni, kwamba Ukanda wamenunua haki zote za mashindano, picha na sauti, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kutangaza mechi ndani ya uwanja.

"Picha nimekuelewa," Yeremia alisema. "Sauti yangu mliwauzia lini, na mimi nilikuwa wapi?"

Chenge akasema asiwe mkali, ni biashara, na nyavu hizo si anaziona? Nyavu alikuwa anaziona. Zilikuwa nzuri, nyeupe, na hilo ndilo lilizidi kumuudhi, maana hakuweza hata kusema wameletewa takataka. Akamtazama Maige kule juu. Maige alimpungia mkono kwa adabu, kisha mpira ukaanza, na midomo yake ikaanza kwenda. Kutoka uwanjani hukuweza kusikia hata neno moja alilosema. Lilikuwa linakwenda moja kwa moja kwenye mitambo, kutoka hapo mpaka kwenye madishi ya waliolipia.

Basi uwanja mzima ukatazama mpira bila kuambiwa chochote. Akina mama walikaa na biashara zao, wakisubiri majina yao kwa mazoea, na majina hayakuja. Goli la kwanza lilifungwa na kijana wa Sengerema, mama yake akiwa anamimina mafuta. Hakusimama. Hakujua.

Yeremia aliapa kwamba mechi inayofuata ataiwasha, waje wamkamate. Aliyemzuia hakuwa Chenge. Alikuwa Rozina mwenyewe.

"Usiwashe, baba Kija," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake. "Wanasema kuna watu wa timu za Dar wanaangalia hiyo televisheni. Ukiwaudhi wakaondoka na kamera zao, Okomo ataonekana na nani?"

"Na wewe utamwonaje?"

"Mimi nimeshamwona."

Angemtukana, pengine asingeumia hivyo. Aliifungua spika kwenye baiskeli kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa na hasira kiasi kwamba akigonga nyundo kibandani, wateja walikuwa wanasogea nyuma. Hasira ilipata chakula kingine wiki hiyohiyo. Mteja mmoja alikuwa amekaa anasubiri tairi, simu mkononi, na kwenye simu likapita tangazo. Sauti ya Maige ikasema: "Okomo wa Rozina, wa mwalo wa Kamanga!" Jina la mama limevutwa, la mwalo limekatwa, vilevile kabisa. Kisha muziki, na maneno mengine: kila goli lina mama, ni Ukanda Michezo pekee. Yeremia alibaki na spana mkononi. Mteja akamwambia kwamba huyo kijana ana kipaji, kabuni mtindo ambao haujawahi kusikika. Na kwa kweli Maige alikuwa anaufanya vizuri. Angeufanya vibaya, Yeremia angepata pa kupumulia.

Kamanga walifika fainali, na Okomo alikuwa nahodha. Siku hiyo Yeremia alivuka bila spika. Aliketi chini kwenye majani, kando ya kigoda cha Rozina, akaweka mdomo karibu na sikio lake, akaanza kumsimulia kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumza kanisani. Upande wa ziwa. Upande wa barabara. Ameanguka, ameamka. Wanawake wawili watatu wakasogea, wakainamisha vichwa kusikiliza, na Yeremia akaongeza sauti kidogo, kidogo tu.

Karibu na mwisho mpira ulirushwa kutoka upande wa ziwa, Okomo akaruka, akapiga kichwa, nyavu mpya zikatikisika. Uwanja ulipiga kelele. Rozina alimshika Yeremia bega akauliza ni nani. Yeremia akamwambia, kwa jina lake kamili, na Rozina akasimama.

Mtu mmoja mwenye kitambulisho shingoni akaja akiwa ameinama, akamgusa Rozina mkono akamwomba akae, anaziba kamera. Hakumwambia kwa ubaya. Rozina alikaa upesi, kama mtu aliyefumaniwa. Ndipo kamera ikageuka, ikawaelekea wao wawili, yeye na macho yake yaliyozimika, na Yeremia mdomo wake sikioni mwake, ikawakazia hapo kwa muda mrefu.

Yeremia hakusema kitu. Hapo ndipo anapojilaumu. Anasema angemshika yule mtu mkono, angemwambia huyo mama anayeambiwa akae ndiye aliyesababisha watu wasimame. Lakini maneno yalimkauka, yeye mwenye maneno.

Kamanga walichukua kombe. Na Ukanda walitimiza walichoahidi, lazima hilo lisemwe. Timu moja ya Dar ilimwita Okomo kwenye majaribio, na kabla ya mwezi kwisha alipanda basi la Dar kwenye stendi ya Nyegezi na begi lake, mama yake akimshika uso kwa viganja vyote viwili ili aukumbuke. Yeremia alifurahi kama baba. Mtu anaweza kufurahi na kukasirika kwa jambo hilohilo, na nani amesema hawezi?

Marudio ya fainali yalirushwa Jumapili moja baada ya ibada. Pale Kamanga karibu na gati kuna kibanda umiza cha Shimba, mabati na mabenchi, televisheni imewekwa juu ya rafu, na watu hulipa kidogo kuangalia mpira. Shimba alikuwa ameshaonywa na mawakala wa Ukanda kwamba dekoda yake ni ya nyumbani, si ya kuonyeshea umma, na wakimkuta tena wataikata. Lakini hii ilikuwa fainali ya Kamanga, imechezwa hatua chache kutoka mlangoni kwake. Alifunga pazia akawaingiza. Rozina akapewa benchi la mbele, Yeremia kando yake. Okomo hayupo, na yule mama alitaka kumsikia mwanawe akicheza. Hilo tu ndilo lililomleta.

Maige alitangaza kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipindi cha kwanza. Alisema Okomo kapokea, Okomo katoa. Hakusema upande gani, maana mwenye macho anajionea. Okomo alipoangushwa, Maige alisema kaumia huyo, akaanza kueleza habari za mdhamini. Rozina alikaza uso na kuubakiza hivyo.

Wakati wa mapumziko wakaonyesha kipande walichokitengeneza. Muziki wa taratibu, ziwa, mitumbwi, halafu wale wawili kwenye majani. Watu ndani wakapiga mbinja. Juu ya picha hiyo ilipita sauti ya Maige, tamu, ikisema kuhusu mama asiyeona anayeuona mpira kwa moyo wake. Mdomo wa Yeremia ulikuwa unakwenda pale kwenye kioo, unakwenda na kwenda, na hakuna kilichotoka. Wameifuta sauti yake wakaweka nyingine.

Rozina aligeuza kichwa.

"Wamesema mama asiyeona. Ni mimi?"

Wakamwambia ndiyo, ni yeye, na Yeremia yupo hapo hapo anamsimulia. Rozina akasikiliza tena, kwa makini, mpaka muziki ukaisha.

"Mbona hayupo?" aliuliza. "Baba Kija, siku ile si ulikuwepo?"

Hapo ndipo kila kitu kilimpanda kwa pamoja. Kwa wale wenye macho alikuwepo hata bila sauti. Kwa huyu mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa akimsimulia, walikuwa wamemfuta kabisa, na wakamfuta kwa sauti waliyofundishwa nyumbani kwake, wakila samaki wake.

"Nilikuwepo, mama Okomo," alisema. Kisha akasimama akamwambia Shimba azime sauti ya televisheni.

Shimba alisita. Alimkumbusha kwamba hata kuonyesha tu hawaruhusiwi, sembuse mtu kutangaza juu ya picha za watu. Wakijua, si dekoda tu itakayokatwa, watamshtaki. Alisema haki ni zao.

"Waambie ni mimi. Waambie wanifuate Mkuyuni, kwenye pancha. Waje na huyo kijana wao, aniangalie usoni."

Shimba akatazama watu wake, akaona hakuna anayemwunga mkono, akashika rimoti. Sauti ya Maige ikakatika katikati ya neno. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Yeremia hakuwa na spika wala betri. Alisimama kando ya rafu na koo lake, na hasira yote ile, akaanza.

Mpira uko upande wa barabara. Anao Kashindye wa Gaudensia, wa mwalo wa Kamanga. Kule nyuma ya kibanda mwanamke mmoja akasimama, na watu wakampigia makofi kabla hajajua acheke au alie. Amempa Machibya wa Rose. Rose hakuwemo ndani, lakini mtu alitoka kumwita. Yeremia aliwataja wote. Aliwataja hata wa timu pinzani, na yule golikipa Malimi wa bibi wa uji. Okomo ameanguka, ameamka. Uso wa Rozina ulikaza, ukalegea. Waliokuwa wakipita kwenda kwenye kivuko wakaanza kujazana mlangoni, na Shimba, ambaye alikuwa amefunga pazia kwa hofu, akalifungua mwenyewe.

Mpira ukarushwa kutoka upande wa ziwa. Watu wote mle ndani walikuwa wameshaliona goli hilo kwa macho yao uwanjani, na walikuja ili waliangalie tena. Yeremia akavuta pumzi.

"Okomo wa Rozina," alisema, na jina la mama akalivuta mpaka likafika majini, "wa mwalo wa Kamanga."

Rozina akasimama. Alisimama mbele kabisa, kilemba chake kikaziba kioo, goli lenyewe halikuonekana na mtu yeyote wa nyuma, na hakuna aliyemwambia akae.